Jani la Isale na Breki ya Winchi

Onesphory alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake huko Kilema, akichambua kahawa kwenye ungo, kazi pekee aliyoachiwa na nyonga iliyovunjika, alipomwona Efraimu akipanda kijia cha kihamba, shamba la migomba na kahawa la nyumbani, akiwa na jani la isale mkononi. Mkewe, Salvina, akatua ungo wake.

"Huyu ana uso wa mbuzi," alisema.

"Mwache aje. Mwenye isale hafukuzwi."

Kwa miaka kumi na tisa Onesphory alikuwa kuli bandarini, pwani, akipakia na kupakua meli. Efraimu, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, ndiye aliyeendesha winchi. Mwezi Machi, mwaka 1993, wavu uliojaa magunia uliporomoka ukamwangukia Onesphory. Katika taarifa ya ajali, Efraimu aliandika kwamba majeruhi alikuwa amelewa. Onesphory, ambaye hata mbege ya arusini huigusisha midomo tu kwa heshima ya wenyeji! Neno hilo lilimtangulia kufika mlimani, likamkuta mpaka kanisani.

"Shikamoo, kaka."

Onesphory hakuitikia. Aliokota punje mbovu, akaitupa.

Efraimu alipiga magoti, akalinyoosha jani kwa mikono miwili. "Nimekukosea. Nakuomba radhi."

Kwa desturi ya Wachagga, aliyeletewa isale hana ruhusa ya kuikataa. Hata damu huombewa msamaha kwa jani hilo. Efraimu alilijua hilo fika, na ndiyo sababu hakuleta kitu kingine. Onesphory alimwacha magotini kitambo, kisha akalipokea jani, kwa uchovu zaidi kuliko kwa huruma.

Efraimu akashusha pumzi, akainuka. "Basi yamekwisha, kaka."

"Keti. Breki ya winchi imetengenezwa?"

Efraimu alitazama migomba. "Bado. Taarifa haikusema kuwa ni mbovu."

"Na chini ya wavu anasimama nani siku hizi?"

"Vibarua. Wakongwe wengi wamepunguzwa kazini. Yupo kijana mmoja wa Kahe. Juma lililopita gunia lilimchubua bega."

"Basi jani ungempelekea yeye, shemeji," alisema Salvina, "kabla hajavunjika."

Onesphory aliliweka jani magotini, akalilaza vizuri. "Nimekusamehe, wala sirudishi neno langu. Lakini isale haishiki breki." Akamgeukia mkewe. "Mama Tito, leta karatasi na kalamu, awaandikie wakuu wa bandari ukweli."

"Kaka, wakiisoma watanipunguza na mimi! Nina watoto wanne."

"Nami nilikuwa na miguu miwili mizima. Andika."

Efraimu aliandika akiwa ameinamia ungo wa Salvina uliogeuzwa kuwa meza. Aliandika kwamba breki ilikuwa mbovu, kwamba alijua, kwamba Onesphory hakuonja pombe siku ile. Kisha akatia sahihi.

Onesphory alisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Hukuweka tarehe."

Efraimu akaweka tarehe.

Salvina aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kesho angeteremka mwenyewe hadi posta; barua ya namna hiyo hapewi aliyeiandika shingo upande. Efraimu aliaga kwa sauti ndogo, akashika kijia. Efraimu alipofika penye mfereji, Onesphory, ambaye nyonga ilikwisha kuanza kumuuma kwa kukaa mno, alipaza sauti:

"Efraimu!"

"Naam, kaka."

"Marahaba."

Akaurudia ungo wake wa kahawa.