Ugali wa Agneta

Phelista alifika Mabanga mchana akiwa amechoka hadi kope. Tangu juzi hakuwa ametia kitu kinywani, kwa sababu kanisa lao la Kibomet lilikuwa kwenye mfungo wa kujiandaa kwenda kuhubiri Kipsongo. Baada ya miaka mingi ya kufagia kanisa, safari hii yeye ndiye angeongoza akina mama. Mchungaji Sifuna alikuwa amesema wazi kwamba atakayefungua kabla ya Jumamosi atabaki nyuma. Kisha akaongeza lile lililomnyima Phelista usingizi: kila mtu akatubu kwanza kwa aliyemkosea.

Aliyekosewa na Phelista alikuwa dada yake mkubwa, Agneta, wa hapo Mabanga. Kwenye matanga ya mama yao, Agneta, ambaye siku hizo alikuwa akiuza pombe ya busaa, alileta sufuria ya ugali na kuku. Phelista, wokovu ukiwa bado moto na ulimi nao hauna mfupa, akashika maikrofoni na kutangaza kwamba chakula cha nyumba ya pombe hakiliwi. Kikaliwa na mbwa. Agneta alibeba sufuria yake tupu akaenda zake, na tangu hapo hawakusemezana. Watu wa maikrofoni hao, Mungu awasaidie.

"Mulembe, dada," Phelista akasalimu.

Agneta aliinua macho kutoka kwa mahindi aliyokuwa akipukuchua. "Umekuja."

"Nimekuja kutubu. Ile siku ya matanga nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Maneno aliyoyapanga njia nzima yaliishia hapo. Agneta aliyaweka mahindi kando. Aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu, akarudi na ugali na kunde za maziwa. Akaviweka mbele ya mgeni, kisha akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Phelista alifungua kinywa aseme yuko kwa mfungo. Ilikuwa kweli tupu. Lakini dada yake hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama ile sahani, kama anayengoja kuibeba tena. Phelista aliikumbuka Jumamosi yake, ikamuuma. Akanawa, akamega tonge, akameza.

Simu ikalia. Alikuwa mchungaji.

"Dada Phelista, mfungo unaendelea aje?"

"Nimefungua, pasta. Niko kwa Agneta, nakula. Edinah aongoze akina mama badala yangu."

"Ati unakula?"

"Nakula, pasta." Hakuwa na nguvu za kueleza zaidi. Akaiweka simu chini.

Agneta alikuwa bado mlangoni. "Kumbe ulikuwa umefunga?"

"Ndio."

"Na umekula yangu."

Phelista aliitikia kwa kichwa, akamega tonge jingine. Agneta akavuta kigoda, akanawa mikono, akamega upande wake wa ugali.

"Kula pole pole," akasema. "Tumbo ya mfungo inauma."