Alama Tisini za Kupenda Upweke

"Ndugu wanabweni, pamoja na nyie mliojificha chini ya shuka," alitangaza Profesa, amesimama juu ya sanduku lake la bati kama waziri anayezindua daraja, "sayansi imeupima ulimwengu!"

Profesa alikuwa kidato cha tatu, na sayansi yake ilitoka kwenye kitabu kisicho na jalada. Wataalamu, alisema, wamezipa nchi alama: wapi watu huwaogopa wakubwa, wapi kila mtu hujitegemea. Nchi ya Mgeni, mvulana aliyeletwa juzi kutoka ng'ambo, ilipata tisini kwa mia katika kupenda upweke.

"Kwa hiyo asisumbuliwe. Kumzoea ni kumwonea."

Kitabu hakikuwa cha kupuuza. Mgeni alipomwita mwalimu wa bweni kwa jina lake tupu, adhabu ilikuwa imeshaiva. Profesa akaeleza kwamba kwao ndivyo wakubwa wanavyoitwa, mwalimu akacheka, yakaisha. Baada ya hapo nani angembishia?

Basi bweni zima likamheshimu Mgeni kwa kumkalia mbali. Maji ya kuoga yalibebwa na watu wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa mkono wa ndoo. Mgeni alibeba peke yake, akimwaga nusu njiani. Profesa naye alibeba peke yake, tangu rafiki yake alipohamishwa shule. Hilo hakuna aliyelitungia nadharia.

Jioni moja Mgeni alitua ndoo mbele ya Profesa.

"Kaka, niambie ukweli. Nimewakosea nini? Nimeshawaomba wazazi waje kunichukua."

"Hujakosea kitu. Nchi yenu ina alama tisini..."

"Nchi, sawa. Shangazi yangu anamaliza mwezi bila kumgongea jirani, na ana raha zake." Mgeni alifuta pua kwa kiwiko. "Mimi nimekua nikilala kitanda kimoja na kaka zangu wawili. Mimi ulinipima lini?"

Profesa akakohoa kisomi. "Kwa mujibu wa wastani..."

"Vitanda vyetu vimepakana. Nakusikia ukigeukageuka, hulali. Wewe una alama ngapi?"

Profesa akatazama maji yaliyokuwa bado yakitikisika ndooni.

"Kitabu chenyewe kimeonya," alisema, sauti imemshuka, "alama za taifa zisimpime mtu mmoja. Nilisoma, nikanyamaza. Kitanda unacholalia kilikuwa cha rafiki yangu. Sikutaka nikuzoee, halafu na wewe uondoke."