Siku Niliyomfokea Mama Mkwe

Ukitaka kupima adabu yako, jifunze kuendesha lori la masafa marefu kwa mama mkwe. Wenzangu walifundishwa na wajomba zao. Mimi mke wangu aliniambia, "Mama atakufundisha," na mjadala ukafungwa kabla sijakohoa.

Mama mkwe, ambaye madereva wenzake humwita Bi Kona, alianza kuvuta matela kabla mke wangu hajazaliwa. Upole hajui unauzwa wapi. Siku ya kwanza alinikalisha kiti cha kushoto akaniambia, "Ndani ya gari hili mimi si mkweo. Mwenye usukani anaangalia mbele na kulia, wewe ndiye jicho la kushoto. Ukiona kitu, sema. Ukinyamaza, tunakufa wote."

"Sawa, mama," nikajibu, macho yangu yako sakafuni. Hapo tu angejua kwamba somo halijaingia.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho ya mafunzo. Tukifika, Mama angempigia bosi simu. Akisema ndiyo, napewa lori langu. Akisema hapana, narudi kwenye udobi kupiga pasi mashati ya watu, na mashemeji zangu wanapata cha kucheka mpaka wazeeke. Tulikuwa tumebeba masinki ya vyoo, tela zima.

Mama alishika usukani huku akinisimulia jinsi nilivyotokwa jasho siku nilipokuja kumposa binti yake. Hadithi hiyo anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Ilipofika patamu, akapita njia panda. Kibao kilikuwa upande wangu, kikubwa, kinaonyesha kwamba tunakokwenda ni kushoto. Nilikiona. Nikafungua mdomo. Sasa utamwambiaje mama mkwe kwamba amepotea, tena yuko katikati ya kicheko? Nikaufunga.

Barabara ikaanza kuwa nyembamba.

"Mkwe, mbona kimya?"

"Naangalia mandhari, mama."

"Naona barabara kama imebadilika."

"Watakuwa wanaitengeneza."

Kundi la mbuzi likatupisha kwa shingo upande. Lami ikaisha. Matawi yakaanza kukwaruza paa, nami nikasifu hewa safi. Nyumba zikaisha pia, na bado kila mmoja wetu alikaa wima kama anajua aendako, mpaka njia ikatutema kwenye uwanja wa mpira, mechi inaendelea. Kijana mmoja alikuwa anajiandaa kupiga penalti. Alipotuona akashika kiuno.

Mama akazima injini. "Umejua saa ngapi?"

"Pale njia panda, mama."

"Ukanyamaza!"

"Heshima, mama. Na wewe?"

Akajifuta uso kwa kitambaa. "Pale kwenye mbuzi. Nikaona haya kugeuza gari mbele ya mkwe."

Tulicheka mpaka nikasahau kwamba naogopa. Yeye hakusahau kitu. "Hamia huku. Kimya chako ndicho kilichotuleta, wewe ndiye utakayetutoa."

Mwamuzi akaja juu, akakataa katakata tusigeuzie uwanjani kwake. Ikabidi nirudi rivasi hadi penye njia pana, na tela ni kiumbe mkaidi: ukitaka mkia wake uende kulia, usukani unaupeleka kushoto. Mama akashuka kuniongoza. Akawa anarudi kinyumenyume, mkono mmoja unaniita, "Njoo, njoo," na mdomo wote uko kwa mwamuzi, wanagombana.

Kwenye kioo nikauona mtaro. Mrefu kwenda chini, uko nyuma yake, na yeye anaufuata kwa mgongo. Nikakanyaga breki.

"Samahani, mama," nikasema kwa sauti ya msibani.

Hakusikia. Akarudi tena nyuma.

"Mama, kama hutajali..."

Akarudi tena. Nikatoa kichwa dirishani. "We mama! Simama hapo hapo! Funga mdomo uangalie nyuma!"

Timu zote mbili zikageuka kututazama. Mama alisimama, kisigino kiko ukingoni. Akautazama mtaro, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. "Sogea kulia! Zaidi! Na huyo mwamuzi aondoke!"

Akasogea. Hata mwamuzi akasogea. Nikalitoa tela salama.

Mama alipanda akakaa kushoto. Kisha, hata hakungoja tufike, akampigia bosi. "Huyu mpe lori. Ndiyo. Ana mdomo."

Nilitaka kupiga kelele za furaha, lakini tayari alikuwa anapiga simu nyingine.

"Mwanangu, mumeo amenifokea mbele ya timu mbili. Ameniambia nifunge mdomo." Akasikiliza kidogo. "Usilie, nimemfaulisha. Ila akija nyumbani, usimfungulie mlango mpaka anipigie simu ya msamaha, na mimi leo sipokei simu."