Asilimia Mia Moja na Nne

"TAASISI HURU YA UTAFITI WA KISIASA, NYANDA ZA JUU ZA KARATU, inautangazia umma matokeo ya kura ya maoni ya kiranja mkuu: Leonce asilimia 71, Nosim asilimia 33."

Taasisi hiyo ilikuwa Filbert wa kidato cha tatu. Makao yake makuu yalikuwa kitanda cha juu, bweni la pili, chini ya blanketi. Wahojiwa walikuwa yeye na soksi zake.

Tangazo lilibandikwa asubuhi. Kufikia saa ya chai, shule nzima ilikuwa na swali moja tu: nani anaongoza. Nosim, binti wa wafugaji wa kijiji cha Kakesio, alipanda juu ya benchi aeleze sera yake ya kutia maziwa kwenye uji.

"We Nosim, si ulishakatwa?" akaulizwa. "Kura ya maoni umeanguka. Shuka, dada, usijichoshe."

Filbert alipaliwa na chai. Hilo hakulifikiria. Kwao wote, kura ya maoni ni ile ya chama ya kuchuja wagombea: ukianguka, jina halirudi. Nosim alishuka, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Bibiana kujitoa.

Siku ya uchaguzi, Mwalimu Bibiana wa hesabu alisimama mbele ya bwalo.

"Edna, Leonce ana sera gani?"

"Anaongoza, mwalimu!"

"Nimeuliza sera."

"Sabini na moja!" bwalo zima likaitika, na makofi juu.

"Haya, Leonce, waambie mwenyewe."

Leonce, aliyekuwa akiieleza wiki nzima bila kusikilizwa, akasimama uso ukimng'aa. "Kuamka saa tisa usiku, mchakamchaka hadi njia panda ya Mang'ola. Halafu kuoga. Maji baridi."

Makofi yakakatika. Nje, ukungu wa Julai ulikuwa haujaondoka na ilikuwa saa tano asubuhi.

"Vizuri," akasema mwalimu. "Mgombea amebaki mmoja. Tupige kura."

"Mwalimu, Nosim hakuanguka!" Filbert aliisikia sauti yake kabla hajaizuia. "Yale yalikuwa maoni tu."

"Maoni ya nani?"

"Ya… Taasisi."

"Taasisi yenye asilimia mia moja na nne? Kujumlisha kwa namna hiyo nimekusahihisha wewe tu, Filbert."

Filbert akasimama, mikono nyuma, kama mtu anayeuaga umma.

"Ni mimi, mwalimu. Nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe. Hata sera zao sikuzijua. Naomba Nosim arudishwe."

"Kwa nini?"

"Sera yake ina maziwa, mwalimu."