Hodi Kwenye Ubao wa Nyuma

Redio aliigeuza nyundo, akakishika kichwa cha chuma kiganjani, akaanza kuugonga ubao wa nyuma wa boti kwa mpini, taratibu, kama mgeni mwenye haya aliyefika watu wakiwa mezani. Ko. Ko. Akasogea kidogo. Ko. Kisha akafika katikati, pale ambapo mashine ingekaa, akagonga, na boti ikatoa sauti ya mtu aliyeitwa akiwa na tonge mdomoni. Bu. Akarudia, safari hii kwa kubembeleza. Bu.

Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili na brashi mkononi, akiitazama midomo ya binti yake.

"Imeitika?"

"Imeitika," Redio akasema.

Hakupanga kusema hivyo. Lakini mdomo wa Redio tangu utotoni ulikuwa unatangulia safari, na akili ikafuata nyuma ikihema, viatu mkononi. Ndiyo maana hata jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti vya chuo tu. Nyumbani, mtaani na kwa muuza mkate alikuwa Redio. Habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshavaa viatu na kutembea. Baba yake akatabasamu, akachovya brashi kwenye kopo. Ikawa imepita.

Kwao boti haikaguliwi, hupigwa hodi. Baba alimfundisha hivyo tangu alipokuwa akimbeba mabegani kwenda kazini kwake, kutengeneza mashine za boti za watu. Faiba ni ngozi tu, alimwambia. Ndani ya ubao wa nyuma kuna mbao, na mbao ikinywa maji huozea humo humo kimyakimya, ngozi ikiwa bado inameremeta. Jicho haliambulii kitu. Basi unapiga hodi. Mahali pazima pataitika karibu, sauti kavu, ya mwenye nyumba aliyeshiba. Mahali pabovu ni nyumba iliyohamwa. Utagonga mpaka mkono uote sugu, usipate ila bu. Siri ya mtungi huijua kata, na siri ya boti huijua nyundo.

Lakini mashine hizohizo ndizo zilizomla masikio. Miaka yote ya kuziinamia zikinguruma ilimnyang'anya kwanza ndege, halafu maji yanayochemka, halafu sauti ya mama akimwita kutoka chumbani, ingawa mama alidai hiyo ya mwisho ilianza zamani sana, kabla hata ya uziwi. Sasa alisikia tu ukimpigia kelele kwenye sikio la kulia. Yaliyobaki aliyasoma midomoni, na midomo aliyoisoma vizuri kuliko yote ni ya Redio, maana haikuwahi kufungwa vya kutosha ikasahaulika umbo.

Basi alipomaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira, Redio akawa masikio ya baba yake. Dukani, hospitali, kwenye vikao vya ukoo, yeye ndiye aliyechukua maneno ya watu na kumfikishia. Na njiani, bila kuombwa na mtu, akawa anayatia sukari.

Alianza siku boti yenyewe ilipoletwa. Baba alikuwa ameiokota nyuma ya ghala moja, imelala kifudifudi, faiba imepasuka kama kisigino cha mtembea peku, majani yameotea kwenye ufa. Trela lilipokuwa likiingia uani, seremala jirani alisimama mlangoni pake akasema kwa sauti kwamba fundi sasa amezeeka, amejiletea banda la kuku na kuku wenyewe hana. Watu wakaangua kicheko. Baba akaona vicheko, akamgeukia Redio amweleze utamu ulikuwa wapi.

"Anasema ina umbo zuri," Redio akamwambia.

Baba akampungia seremala mkono kwa furaha kubwa, na seremala, asijue limetokea nini, naye akapunga. Usiku ule Redio alijiona amefanya jambo la huruma. Kweli chungu ya nini kwa mtu ambaye haisikii? Baada ya hapo ikawa rahisi. Daktari mwenye haraka akawa daktari mwenye salamu. Shemeji mwenye kejeli akawa shemeji mcheshi. Baba akaishi kwenye dunia yenye adabu kuliko ile wanayoishi wengine, na Redio ndiye aliyekuwa akiipiga deki kila siku.

Lakini siku ile ya hodi hakumhurumia baba. Hilo alilijua hata kabla rangi haijakauka. Alijihurumia mwenyewe, kwa sababu habari ilikuwa imeshatoka.

Ilikuwa hivi. Mdogo wake bibi mzaa baba, ndugu pekee aliyembakia katika watoto wa mama yao, aliishi ng'ambo ya maji. Tangu kivuko kife, ndugu hao wawili walikuwa wakionana kwenye simu tu, tena paji la uso kwa paji la uso, maana hakuna kati yao aliyejua kuishika simu sawasawa. Barabara ya kuzunguka mgongo wa bibi haukuiweza. Baba alipoanza kuipiga msasa ile boti, Redio aliona picha nzima kwa mkupuo mmoja, akamwendea bibi mbio, akamwambia Jumamosi unavuka. Akaliambia kundi la ukoo kwenye simu. Akamwambia muuza mkate. Akampigia bibi wa ng'ambo, naye akaanza kuanika godoro. Baba alikuwa hajasema Jumamosi. Alikuwa amesema tuone. Redio ndiye aliyempelekea Jumamosi kutoka kwa watu, kana kwamba watu ndio walioitunga.

Kubomoa ubao, kuutoa uozo, kuweka mbao mpya na kuufunika upya ni kazi isiyojua Jumamosi. Ndiyo maana boti iliposema bu, mdomo wake ukasema imeitika.

Kazi ikaendelea. Baba alichanganya rezini, gundi ya faiba, na dawa ya kugandisha, Redio akatandaza kitambaa cha faiba juu ya ubao ule ule, akakikandamiza kwa brashi mpaka mapovu yote yakatoka. Walipiga msasa, wakapaka nyeupe, wakazungusha mstari wa bluu. Ubao wa nyuma ukatoka mzuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya boti. Uongo una bahati hiyo: ukipakwa rangi, hung'aa kuliko kweli.

Vumbi la faiba likamwingia mikononi. Ni vumbi la kioo. Halionekani, lakini linawasha kama upupu. Mama alimwambia aoge maji ya baridi na asijikune, kwa sababu kila ukijikuna unalizamisha ndani. Redio alijikuna. Alijikuna mezani, alijikuna akiongea na simu, akawa na mistari myekundu kutoka kiwiko hadi kifundo. Mara moja alimwendea mama jikoni akiwa amelibeba neno lote mdomoni, kamili, limeiva, na mama alipogeuka kumsikiliza, akamuuliza kama sabuni imebaki. Mama alimshika paji la uso kwa nyuma ya kiganja. Redio aliyekosa la kusema alikuwa ni Redio mgonjwa.

Bibi ndiye aliyemmaliza. Alilitoa begi lake la safari, akalipanga, akalipangua, akalipanga tena, kisha akaja uani kukagua chombo chake. Alikizunguka akiwa amefunga mikono nyuma, kama mkaguzi wa serikali.

"Mke mwenzangu," akasema, "nitakaa wapi humu?"

"Kaa nyuma, bibi. Mbele kunarusha."

Alilisema kabla hajalisikia. Nyuma ndipo penye ubao. Alizijua hadithi za baba, za mashine iliyoshika kasi katikati ya maji, bolti zikang'oka na kipande cha boti, maji yakaingia kwa mlango huo bila hodi.

"Basi nyuma," bibi akakubali. "Mimi na mashine, wazee kwa wazee. Akikohoa nitamjua."

Redio akacheka kwa sababu ilibidi acheke. Usingizi siku hizo ulimpitia mbali, kama mdaiwa aliyemwona mdai wake akija.

Jumamosi ikafika bila kuchelewa, Jumamosi haina aibu. Trela lilisukumwa hadi majini, magurudumu yakasimama pale maji yanapolamba changarawe. Watu walikuja, kwa sababu Redio aliwaita. Muuza mkate alikuwepo. Seremala alikuwepo, amevaa shati la kutokea. Bibi aliketi kwenye kiti cha plastiki, begi mapajani, kitambaa kipya kichwani. Mashine ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wa kunyanyulia, juu ya ubao wa nyuma, inajizungusha polepole kama inayotafuta pa kukaa. Baba alikuwa ameshika bolti nne kwenye kiganja.

Alinyanyua mkono kuwazuia waliokuwa kwenye mnyororo. Sauti yake siku hizi haikuwa na kipimo. Alipotaka kunong'ona alihutubia, na alipotaka kuhutubia, ng'ombe waliinua vichwa ng'ambo.

"Watu wananiuliza, fundi kiziwi unatengenezaje boti? Mimi nawaambia, Mungu kaninyima masikio mawili, kanipa haya." Akamshika Redio bega. "Huyu ndiye aliyeipigia hodi. Akisema imeitika, mimi nampandisha mama yangu mzazi."

Watu wakapiga makofi. Bibi akasimama, akaanza kuvua ndara ili aingie majini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimepakwa mafuta kwa ajili ya safari.

"Baba," Redio akasema. "Haikuitika."

Alisema kwa sauti ya chini kabisa aliyowahi kuitumia, huku amegeuzia uso kwenye maji, ili neno likisikika lisikike kwa mmoja tu. Akasahau kwamba huyo mmoja ndiye pekee asiyeweza kulisikia.

"Eh?" baba akasema, akimwinamishia sikio la kulia, bado anatabasamu.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Redio alitamani sauti ndogo iwepo duniani. Haikuwepo. Kwa baba yake hakukuwa na mlango wa uani wa kupitishia jambo. Lingepita mlango wa mbele, mchana, watu wamekaa. Akamgeukia, ili aione midomo, akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Haikuitika, baba. Katikati ni bovu. Nilikudanganya."

Ng'ambo ya maji mbwa alibweka. Mnyororo ulilia kidogo, mashine ikajizungusha nusu duara na kurudi. Tabasamu la baba halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kama taa iliyosahauliwa kuzimwa kwenye chumba kisicho na mtu. Kisha akaanza kuzirudisha bolti mfukoni, moja, nyingine, akizitazama. Akaomba keekee. Akatoboa katikati ya ule mstari wa bluu, palepale, na kutoka tunduni hakukutoka unga wa mbao bali kitu cheusi, kilicholowa, kama majani ya chai yaliyokaa kwenye birika wiki nzima. Seremala akakichukua kidogo kwa vidole, akakinusa, akafuta vidole kwenye shati lake la kutokea.

Bibi alirudi kitini, akavaa ndara zake, mguu mmoja, halafu mwingine.

"Mdogo wangu kaanika godoro," akasema. "Mpigie, mwambie aliingize ndani."

"Sawa, bibi." Redio akampa mama simu, ampigie yeye.

"Hapana," bibi akasema, wala hakuwa mkali. "Mwambie wewe. Habari ulipeleka wewe."

Akapiga. Alisimama mbele ya wote waliomfahamu, akaongea na paji la uso la bikizee aliyekuwa akiuliza mara mbili mbili kama ameelewa vizuri: kwamba leo hapana, na kesho hapana, na kwamba siku haijulikani. Hakutia sukari. Alitafuta, akakuta kopo tupu.

Boti ikarudishwa uani. Watu wakajiendea zao wakiwa na habari nzuri kuliko ile waliyoitiwa, na hakuna aliyemhitaji Redio kuisambaza. Mama aliingia ndani na bibi. Baba akawasha grenda, akaukata ubao wa nyuma, akatoa ngozi ile nzuri kama mtu anayefungua kopo la samaki. Redio akaanza kuchokoa uozo kwa patasi, mikono mitupu, vumbi jipya la kioo likitua juu ya mistari ya zamani. Iliwasha. Hakujikuna.

Waliendelea hivyo hadi jua lilipokuwa limeegemea paa la seremala. Baba akazima grenda, akageuza ndoo, akaikalia. Akamwonyesha Redio aje akae mbele yake, mahali pa kuonekana. Redio akaja akiwa amejiandaa kwa lolote.

"Seremala," baba akasema, akijitahidi kunong'ona, na mtaa mzima ukasikia. "Siku ile ya trela. Alisema nini hasa?"

Redio akatazama mlango wa seremala. Ulikuwa wazi.

"Alisema umezeeka. Umejiletea banda la kuku, na kuku wenyewe huna."

Baba akaitazama boti, mkia wake umekatwa, matumbo nje. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, kibovu, cha mtu asiyejisikia akicheka, mpaka akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na kioo. Redio hakujua kama naye acheke. Alikuwa ameudhibiti mdomo, na mdomo haukuwa umezoea.

Baba akatulia. Akaisogeza ndoo mbele, magoti yao yakakaribia kugusana, akaweka macho kwenye midomo ya binti yake, kama mtu anayeweka kiganja kwenye ubao kabla ya kugonga.

"Na mengine?" akasema.