Dakika Tatu na Nusu kwa Kilomita

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Mwalimu Ahmadi alijaza upepo baiskeli yake, akajivika shingoni saa ya kupimia, akamwambia Lusia maneno yale yale ya kila siku: "Usimwangalie mtu. Hesabu pumzi. Kilomita ya kwanza dakika tatu na nusu, ya pili hizo hizo." Lusia, binti wa Kimakonde aliyeteremka kutoka Newala kuja kukaa kwa shangazi yake, akaitikia kwa kichwa, akaanza kukimbia. Mabomba ya mtaa wao wa Rasbura yakaanza kutoa maji.

Hali hii ilikuwa na miezi saba. Pampu ya mtaa iliharibika, fundi akaja, akafungua kifaa kimoja, akaondoka nacho mpaka leo. Siku ya tatu yake, Lusia akiwa mazoezini, maji yakatoka. Aliposimama kufunga kamba ya kiatu, yakakata. Watu si wajinga, walielewa siku hiyo hiyo. Akiongeza kasi, koki zinafyatuka ukutani. Akilegea, linatoka tope. Lawama mtaani ilikuwa moja tu, kwamba dakika thelathini na tano za kilomita zake kumi ni chache kwa mwenye nguo za kufua.

"Shikamoo, Mama Mastura," Lusia alisema akiipita foleni ya ndoo.

"Marahaba! We mtoto, usinisalimie, utapoteza pumzi! Ndoo yangu iko nusu!"

Jumamosi kulikuwa na mchujo Mtwara, kilomita kumi, na watatu wa kwanza wangeingia kambi ya taifa. Ahmadi alikuwa amefundisha michezo miaka thelathini na moja bila kupeleka kambini hata mtu mmoja. Huyu ataingia, wallahi, alijiambia, huyu hata akikimbia na ndoo kichwani. Akaenda kwa Bwana Valentini, mwenyekiti wa kamati ya maji, kumwombea ruhusa ya siku moja.

"Pampu haina likizo, Mwalimu," Valentini alisema kwa upole, akimsogezea kiti. "Halafu Mtwara wana maji yao."

"Na ile pampu yenyewe?"

Valentini akamwonyesha taarifa aliyoipeleka kwa wakubwa: maji yanatoka kila siku, hakuna tatizo. Wakubwa walimpa cheti, nacho kilikuwa ukutani, kimepambwa kwa ua la plastiki. Sasa aanze kusema pampu mbovu? Aonekane mwongo, mtu mzima?

Jumamosi alfajiri Lusia alifika stendi na begi lake. Basi lilikuwa linanguruma. Mama Mastura na wenzake walikuwa wamekalia ndoo zao pale pale. Hawakumzuia wala hawakumtukana.

"Nenda, mwanangu, Mungu akutangulie," Mama Mastura alisema. "Sisi tutavumilia. Huyu mjukuu anaharisha tangu jana, lakini wewe nenda."

Lusia akamtazama mtoto, kisha akamtazama mwalimu wake. Ahmadi alitaka kumwambia panda. Kabla hajafungua mdomo, Lusia akampa begi, akavua kanga, akaanza kukimbia. Basi likaondoka.

Alikimbia kilomita zote kumi machozi yakimtoka, na mwendo haukuyumba hata kidogo. Ndoo zilijaa. Mchana ikaja simu kutoka Mtwara: mshindi ametumia dakika thelathini na sita. Ahmadi akaitazama saa yake. Thelathini na tano kamili. Alilia hadharani, watu wakampa pole, kisha wakaenda kufua.

Jumatatu kamati ilikaa. Ikampongeza Lusia kwa uzalendo, ikapitisha kwa kauli moja kwamba pampu iliyopo inafaa, ila kwa tahadhari itafutwe ya akiba. Jioni Valentini akaja kwenye uwanja wa shule, ambako Ahmadi alikuwa akiwakimbiza wasichana wa darasa la sita.

"Hongera kwa kazi, Mwalimu. Yule mwembamba wa nyuma, anaitwa nani?"

Ahmadi akamwona: anazunguka, haongezi, hapunguzi. Akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ovyo!" alipiga kelele. "Kimbieni ovyo, wanangu! Kila mtu na mwendo wake!"

Wasichana wakacheka, wakatawanyika, wakagongana kama kuku. Yule mwembamba alijaribu kama wenzake, akashindwa. Miguu ikarudia mwendo ule ule. Bomba la kando ya uwanja likakohoa, likaanza kutoa maji, na Valentini akatoa kalamu.