Upande Uliolala

Kiharusi kilimkuta mama mkwe wangu katikati ya umbea. Alikuwa jikoni kwangu, kikombe cha chai mkononi, ananieleza harusi ya jirani ilivyovunjika, mara chumba kikaanza kumzunguka. Akaegemea kushoto kama mlango ulioachia bawaba. Kope ya kushoto ikashuka. Halafu zikaja kwikwi zilizogoma kukatika. Sauti yake, iliyofanya mtaa mzima umwite Kipaza, ikabaki mkwaruzo.

Mume wangu akakimbilia dawa ya kwikwi anayoijua kila mtu. "Kunywa maji, Mama. Mfululizo, usipumue."

Mama akapaliwa mpaka macho yakamtoka. Nikainyakua glasi. "Acha! Hayo hayaendi tumboni!"

Ndipo nikaona mkono wake wa kulia bado umekumbatia kikombe cha chai niliyoitoa motoni sasa hivi. Vidole vimekuwa vyekundu, yeye hana habari.

"Mama, huungui?"

"Naungua wapi?"

Mimi nina stashahada ya ufundi umeme. Taa ya jikoni, ya bafuni na ya barazani zikizimika kwa pamoja, hubadilishi balbu moja moja. Unakwenda kwenye bodi zinakopita nyaya zote. Nikamwambia mume wangu atafute gari, maswali baadaye.

Hospitalini daktari alituonyesha picha. "Hili ni shina la ubongo," akasema. "Unene wake kama kidole gumba. Linaunganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo." Akateremsha kalamu taratibu. Sehemu ya juu inasaidia kuendesha macho. Ya kati, uso na kutafuna. Ya chini ndiyo inayoongoza pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Mshipa mdogo umeziba huko chini, upande wa kushoto.

"Kushoto?" nikamkatiza. "Mbona mkono usiosikia moto ni wa kulia?"

"Nyaya za joto na maumivu zinazotoka mwilini huvuka kwenda upande wa pili kabla ya kupanda. Za usoni, pale palipoziba, zilikuwa bado hazijavuka. Ndiyo maana ganzi yake ni shavu la kushoto na mkono wa kulia."

Nilisahau kufunga mdomo. Nimefunga nyaya kwenye majumba ya ghorofa, na kila bodi niliyoiweka ilikuja kuzimwa siku moja ili itengenezwe. Hii ya Mama, yenye unene wa kidole, imempumulia miaka sabini, amelala au yuko macho, na hakuna aliyewahi kuizima. Hata sasa, imejeruhiwa, pumzi ilikuwa inaingia na kutoka.

"Na akili yake?" mume wangu akauliza.

"Iko palepale."

Tuliamini. Mama alikuwa ameshamuuliza muuguzi kama ameolewa.

Kilichokwama ni koo. Alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani, akauchukia kama adui. Baada ya wiki mbili daktari akasema wazi: jaribio la mwisho la kumeza ni Ijumaa, likishindikana, mpira utapitishwa kwenye tundu tumboni.

"Tumbo langu si ukuta wa kutobolewatobolewa," Mama akakwaruza. Halafu akanigeukia, taratibu kuliko kawaida yake. "Mwanangu, nisipokula na watu, mimi ni nani?"

Nikamnyooshea shuka.

Mtaalamu wa kumeza, binti mwembamba asiyepoteza maneno, alitufundisha ujanja ambao mpaka leo nausimulia. Koo la Mama lilikuwa limelala upande wa kushoto. Basi akimeza ageuze uso kushoto, kidevu kielekee begani. Shingo ikijipinda hivyo inaubana upande uliolala, na chakula kinashukia kulia, kwenye misuli iliyo macho. Fundi gani angefikiria kufunga njia mbovu kwa kugeuza shingo tu?

Tatizo lilikuwa Mama. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa ukutani upande wa kushoto, kwa hiyo wote tulikaa kulia. Anageuza uso, anapokea kijiko, mtaalamu anasema "Vizuri, bibi," na Mama anarudi kulia kumjibu kabla hajameza. Kikohozi. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi hivyo hivyo.

"Bibi, usinijibu."

"Mtu ananisemesha nimpe kisogo? Mimi nimelelewa, binti."

Ijumaa niliingia, nikafungua breki za kitanda, nikakivuta mbali na ukuta.

"Wifi, unahamisha nyumba?" muuguzi akanitania.

"Nahamisha umbea."

Nikaingiza kiti kwenye ile nafasi, nikakaa kushoto kwa Mama. Mtaalamu akatazama, akaelewa, akakaa kimya na kijiko cha maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito.

"Mama," nikaanza, "yule jirani wa ghorofani amenunua kochi."

Uso ukanigeukia mara moja, kidevu begani. "Kochi gani?"

"Kubwa. Wakalibeba mpaka mlangoni. Halipiti. Wakalisimamisha wima. Halipiti. Mume wake akatoka na msumeno..."

Nikanyamaza. Kijiko kikaingia. Mama alinikodolea jicho zima na lile lililosinzia. Alitaka kuuliza, mdomo umejaa, na mimi nimefumba wangu kama kaburi. Mtaalamu aliweka kifaa cha kusikilizia shingoni mwa Mama. Mume wangu, mlangoni mwa wodi, alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

Koo likapanda, likashuka.

Tukasubiri kikohozi. Hakikuja.

"Sema aaa, bibi," mtaalamu akasema.

"Aaa ya nini?" Mama akafoka bila kunipa kisogo. "Kwa msumeno akakata nini, kochi au mlango?"

Sauti ilikuwa ya mkwaruzo, lakini kavu. Hakuna maji yaliyokoroma ndani yake. Mtaalamu akatoa kifaa masikioni. "Yameshuka kulia," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumjue. "Kijiko cha pili. Endelea kusimulia, dada."

Ukweli ni kwamba nilichokijua kiliishia kwenye msumeno. Bakuli la maji mazito lilikuwa bado limejaa, na jicho la Mama halijabanduka usoni pangu. Nikavuta kiti karibu, nikaanza kumsingizia jirani.